Hita Isiyo na Dohani Msiiwashe

Vijana wangu mnaoshika spana hapa Chato mjini, na ninyi wa Buseresere, Bwanga na Muganza, nina jambo moja la kuwaambia na sitazunguka. Hita ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga, ikifungwa ndani ya nyumba bila bomba la kutoa moshi nje, inaua. Inaua bila mlipuko, bila moto na bila harufu. Anayekufa ni mtu aliyeingia kuoga akiwa mzima wa afya, na fundi aliyeifunga huwa ameshalipwa zamani na yuko kwenye kazi nyingine. Nimepita kwenye kazi zenu na nimeziangalia. Kazi ya maji mnaifanya vizuri: maungio hayavuji, vigae vimekatwa kwa ustadi kuzunguka mabomba. Lakini juu ya hita, pale palipo na kola ya duara iliyowekwa kwa ajili ya kupokea bomba la moshi, mara nyingi hapana kitu. Kola imetazama dari. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Naelewa ilivyotokea. Mji umekua mbele ya macho yetu. Mwaka 2005 tulikatwa kutoka Biharamulo tukawa wilaya, mwaka 2012 tukaingia mkoa mpya wa Geita, mwaka 2019 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, tukapata uwanja wa ndege na hospitali ya rufaa ya kanda. Wageni wameongezeka, na mgeni anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi safari anataka maji ya moto. Hita ya umeme, umeme ukikatika, haina kazi. Mwenye loji akaonyeshwa nyingine: mtungi wa gesi, betri kubwa mbili, ukifungua bomba inajiwasha yenyewe. Akanunua. Ndani ya boksi mkakuta hita, skrubu na mpira wa shawa. Bomba la moshi mara nyingi halimo, linauzwa peke yake. Mwenye mali akauliza kama bila hilo bomba hita haiwaki. Inawaka. Basi ikawashwa.

Mimi si mpinzani wa gesi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na naombea ufanikiwe, kwa sababu nimeona macho na vifua vya mama zetu vilivyofanywa na kuni. Ila msichanganye mambo. Jiko la gesi la kuchemshia chai na hita ya kuogea havilingani hata kidogo. Moto mmoja wa jiko una nguvu ya kilowati mbili au tatu. Hita ndogo kabisa, ile ya lita 6 kwa dakika, ina karibu kilowati 12, na zile za lita 10 hufika kilowati 20. Hapo mnakuwa mmewasha majiko manne, matano, saba kwa pamoja, ndani ya chumba kidogo kuliko vyote katika nyumba, mkamfungia mtu humo.

Tupige hesabu, maana fundi asiyepiga hesabu anabahatisha. Kilo moja ya gesi ya mtungi, ili iungue vizuri, inahitaji hewa takriban mita za ujazo 12. Hita ya kilowati 12 inakula karibu kilo moja kwa saa. Bafu letu la kawaida la gesti lina upana wa mita moja na nusu, urefu wa mita mbili na kimo cha mita mbili na nusu; hiyo ni hewa ya mita za ujazo saba na nusu, basi. Mlango na dirisha vikifungwa, hewa yote hiyo haitoshi hata dakika arobaini. Hatari yenyewe haingojei hewa iishe. Hewa safi ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka kuelekea asilimia 18, moto huanza kuungua nusunusu, na badala ya kutoa hewa ukaa ya kawaida unatoa kaboni monoksidi kwa wingi. Katika bafu lililofungwa sawasawa, kufika hapo ni suala la dakika tano au sita. Nani anaoga kwa dakika tano akiwa amepata maji ya moto baada ya safari ndefu?

Tena sisi tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyumba zetu ziko juu ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hita iliyopimwa kiwandani kwa hewa ya pwani ikija huku inapata oksijeni pungufu kwa kila pumzi inayovuta. Ndiyo maana fundi wa Chato hana ruhusa ya kubana matundu ambayo fundi wa pwani pengine angeyabana akaponea chupuchupu.

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Hapa ndipo vijana wengi mnapodanganyika. Gesi ya mtungi ikivuja mnaisikia kwa sababu watengenezaji wameitia dawa yenye harufu ya kitu kilichooza, makusudi, ili pua ziwaonye watu. Dawa hiyo inateketea ndani ya moto. Moshi unaotoka juu ya hita hauna onyo lolote. Kwa hiyo kusema "nimenusa, hakuna kitu" baada ya kufunga hita ni kupima kitu kimoja na kutoa jibu la kingine.

Tangu mwaka 1857 Mfaransa Claude Bernard alishaeleza jinsi sumu hii inavyoua. Damu yetu hubeba oksijeni kama basi linavyobeba abiria, kwa idadi ya viti. Kaboni monoksidi inakalia viti hivyo hivyo, na inashikilia kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta hewa, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili hauletewi kitu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Halafu miguu inaishiwa nguvu, na hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuwa bado ana akili ya kujua kuna tatizo lakini hawezi kuufikia mlango. Sehemu 200 tu za sumu hii katika sehemu milioni za hewa zinaleta maumivu ya kichwa ndani ya saa mbili au tatu. Zikiwa 1,600, maumivu ya kichwa na kizunguzungu huja ndani ya dakika 20 na kifo kinaweza kufuata kwenye saa moja au mbili. Zikiwa 12,800, mtu huisha kwa dakika moja hadi tatu.

Ninyi ni watoto wa ukanda wa dhahabu, hamhitaji kufundishwa habari ya kukosa hewa. Kila mwenye ndugu anayeingia duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, anajua kwamba baruti ikishapigwa hushuki mpaka moshi wake utoke. Anajua pia kuwa mashine ya petroli ya kuvuta maji haishushwi ndani ya duara. Wapo walioishusha kwa sababu mpira wa kuvutia ulikuwa mfupi. Mmoja akashuka kuizima, hakupanda; wa pili akashuka kumfuata, naye hakupanda. Pale Bulyanhulu, ambako dhahabu huchimbwa chini ya ardhi, hakuna anayefanya kazi bila mafeni makubwa kusukuma hewa kule chini. Mtu wa Geita akiambiwa awashe injini ndani ya shimo atakataa hata kwa pesa nyingi. Basi mnisaidie kuelewa: bafu lenye vigae hadi juu, dirisha la aluminiamu linalojifunga likakaza na mlango wenye kitasa kipya, lina tofauti gani na duara?

Mwaka 1896 huko Uingereza daktari mmoja, John Scott Haldane, alichunguza miili ya wachimbaji wa makaa ya mawe waliokufa katika milipuko ya migodini. Watu waliamini wamekufa kwa moto na kishindo. Haldane akakuta wengi wao waliuawa na kaboni monoksidi iliyobaki kwenye njia za mgodi baada ya mlipuko kupita. Ni yeye aliyeshauri wachimbaji washuke na ndege wadogo, kwa kuwa ndege huzidiwa mapema kuliko mtu, na migodi ya Uingereza iliendelea kutumia ndege hao mpaka mwaka 1986. Siku hizi kuna kengele ndogo ya betri inayopima sumu hii. Si ile ya moshi wa kawaida. Ukinunua hakikisha imeandikwa kuwa ni ya kaboni monoksidi, na angalia tarehe ya mwisho, kwa sababu kipimo chake kinachoka baada ya miaka kadhaa hata kama taa bado inawaka. Loji yenye hita ya gesi ndani iwe nayo. Lakini kengele haichukui nafasi ya dohani.

Sasa dohani yenyewe, na hapa naomba mtulie.

Bomba la moshi la hita ya kawaida halina mashine. Linafanya kazi kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi na unataka kupanda. Kila unachokifanya kinachouzuia kupanda ni kosa. Kola ikiwa na kipenyo cha milimita 110, bomba lote liwe la milimita 110 hadi mwisho. Ukiunganisha na la milimita 75 kwa sababu ndilo lililobaki stoo, umekaba koo. Kutoka kwenye kola, bomba lipande wima kwanza, angalau sentimita 60, kabla ya kona ya kwanza. Hapo moshi unapata kasi. Fundi anayepiga kona papo hapo juu ya hita ili bomba litokee dirishani ameua mvuto kabla haujazaliwa. Kona ziwe chache, mbili zatosha. Ukilazimika kulala, lala kwa ufupi, na hata ukilala panda: kila mita moja ya bomba iinuke angalau sentimita 2 kuelekea nje. Msikubali lishuke hata kidogo. Gesi ikiungua inazaa maji, zaidi ya lita moja kwa kila kilo ya gesi, na maji hayo yakipoa yatakaa kwenye bonde la bomba, yatalitoboa kwa kutu na yataziba njia.

Bomba liwe la chuma kisichoshika kutu, au bati zito, au aluminiamu ya kazi hiyo. Bomba la plastiki la maji machafu halifai. Joto linalilegeza, maungio yanaachia, na mnajua linalegea wapi? Juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kila ungio likazwe kwa skrubu na kuzibwa kwa dawa inayostahimili joto, tena bomba lifungwe ukutani kwa klampu, lisining'inie kwenye hita. Likipita kwenye dari au karibu na mbao, lipite ndani ya bomba jingine kubwa zaidi ili lisiguse.

Mwisho wake uwe nje. Nje kabisa. Upite bati na uinuke sentimita 60 juu yake, uvae kofia ya kuzuia mvua na ndege. Kama ni hita ya feni inayotolea moshi ukutani, tundu lake likae mbali na madirisha na matundu ya hewa. Kitabu cha hita kinataja umbali, na mimi sikubali chini ya mita moja na nusu hata kitabu kikiruhusu pungufu. Lisiwe chini ya upenu uliofungwa mbao, maana moshi utaingia kwenye paa na kurudi ndani. Na hapa kwetu mkumbuke upepo. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Ukuta unaotazama ziwa unapigwa uso kwa uso kila alasiri, na tundu la moshi lililowekwa hapo linasukumiwa moshi wake ndani.

Katika gesti moja ya hapa wilayani, sitaitaja, niliitwa kwa ajili ya bomba la maji lililokuwa likivuja. Juu ya hita palikuwa na bomba la moshi zuri, linang'aa, limeingia darini kwa pete safi ya plasta. Mwenye nyumba alijivunia. Nikawasha udi, nikafunga mlango na dirisha, nikafungua maji ya moto, nikangoja dakika tano, kisha nikasogeza ule udi kwenye mdomo wa hita, pale chini ya kola. Moshi wa udi ulitakiwa umezwe. Badala yake ulipinda ukanijia usoni. Tukafungua mlango, tukazima, tukapanda juu. Bomba lilikuwa limetokeza kwa kiasi cha mkono mmoja juu ya jipsamu na kuishia hapo, katika giza, chini ya bati. Mbao zilizokuwa karibu zilikuwa na weusi na matone ya maji.

Na mnajua dari zetu zilivyo. Kuta za vyumba huishia kwenye linta au juu yake kidogo, halafu nafasi iliyo chini ya bati ni moja kwa nyumba nzima. Moshi uliomwagwa darini juu ya bafu la chumba namba nne unatembea mpaka juu ya namba tano na namba sita, unashukia kwenye matundu ya taa. Anayeoga anaweza kutoka salama akaenda zake, na aliyelala chumba cha jirani, ambaye hata hakugusa hita, asiamke.

Hayo yametokea kwingine na yameandikwa. Oktoba 2006 watoto wawili ndugu kutoka Uingereza walikufa katika hoteli moja ya kisiwa cha Corfu, Ugiriki. Hita iliyowaua haikuwa chumbani mwao. Ilikuwa kwenye kibanda kilichoshikana na ukuta wa chumba. Moshi ulipita kwenye tundu la ukutani ambalo halikuzibwa, na kifaa cha usalama ambacho kingeizima hita kilikuwa kimerukwa kwa waya. Mwaka 1994 huko jimbo la New York, mcheza tenisi mashuhuri Vitas Gerulaitis alikufa usingizini katika nyumba ya wageni ya rafiki yake. Hita ya bwawa la kuogelea ilikuwa imefungwa vibaya na moshi wake ukavutwa hadi chumbani. Watu hao hawakuwa maskini, na hawakukosa fundi wa kuwafungia. Walifungiwa vibaya.

Hicho kifaa cha usalama ndicho kinachonikosesha usingizi kuliko vyote, kwa sababu kukiruka ni jambo la dakika moja. Hita nyingi zina kidude kidogo karibu na kola, kina nyaya mbili. Moshi ukirudi ndani badala ya kupanda, joto linakigusa na kinakata gesi. Mwenye loji anakupigia simu: fundi, hita yako inajizimazima, mgeni amelalamika, ana sabuni kichwani. Unakuja, unajua ukiunganisha zile nyaya mbili hita itawaka bila kukoma. Kijana wangu, usiziunganishe. Hita inayojizima haijaharibika. Inakuambia kuwa moshi unarudi au hewa haitoshi. Tafuta kwa nini. Panda juu ya bati uone kama kofia imezibwa. Angalia kona. Pima hewa inayoingia.

Maana hewa inayoingia ni nusu ya pili ya dohani. Bomba haliwezi kutoa kitu ikiwa chumba hakiingizi kitu. Nyumba za zamani zilikuwa na matofali ya matundu juu ya dirisha na uwazi kati ya ukuta na bati, zilipumua zenyewe. Nyumba za sasa tumezifunga kila upande kwa jipsamu, aluminiamu na silikoni, halafu tunashangaa. Chumba chenye hita kiwe na matundu mawili ya kudumu yanayotoka nje, moja chini karibu na sakafu na jingine juu, kila moja lisipungue sentimita 10 kwa 10 za uwazi halisi. Nasema uwazi halisi kwa sababu wavu wa mbu wenye vumbi la mwaka mmoja unakula nusu ya tundu. Tena msiweke feni ya kutoa hewa kwenye chumba hicho hicho. Feni ina nguvu kuliko mvuto wa bomba. Itavuta hewa kupitia dohani kutoka juu kwenda chini, pamoja na moshi wote.

Mkiniuliza mimi, hita ya kawaida isikae bafuni kabisa, hata ikiwa na dohani. Uingereza, kwa kanuni zake za gesi za mwaka 1998, chumba cha kuogea hakifungwi hita inayovuta hewa ya chumbani. Inaruhusiwa tu ile iliyozibwa, yenye bomba moja ndani ya jingine, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje. Sisi tuna bahati ambayo wao hawana: hakuna barafu Chato. Hita iliyotengenezwa kwa kukaa nje tunaweza kuifunga nje, ukuta wa nyuma, chini ya kibanda kidogo cha bati kilicho wazi pande mbili, mbali na dirisha, pamoja na mtungi wake. Maji ya moto yaingie ndani kwa bomba la mita mbili tatu. Mgeni atangoja nusu dakika maji yapate moto. Angoje. Mtungi nao usiwekwe ndani ya bafu, kwa sababu gesi yake ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni na kwenye shimo la maji.

Kabla ya kufunga someni kibao cha hita. Kiwe kimeandikwa kuwa ni ya gesi ya mtungi, na mgandamizo wake uwe karibu paskali 2,800. Zipo hita zinazopita sokoni zilizotengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba, kama ile ya Songosongo inayotumika Dar es Salaam; ukiiwekea gesi ya mtungi inalishwa kupita kiasi. Mwali unakuwa mrefu na wa njano, masizi yanajaa, sumu inaongezeka. Mwali mzuri ni wa bluu na umetulia. Ukiona njano, ukiona weusi juu ya kola, zima kwanza, uliza baadaye.

Halafu wadudu. Wale wa ziwani wanaopanda kwa makundi na kufunika taa wanaingia kwenye kichomeo na kufia humo, na nyigu wa udongo hupenda sana bomba lisilotumika wiki mbili. Hita ifunguliwe na kusafishwa kila mwaka, na jaribio la udi lirudiwe, chumba kikiwa kimefungwa, bomba likiwa la baridi. Jiko la mkaa na jenereta mnavijua, sitarudia zaidi ya hili: visilale chumbani na mtu, wala jenereta isikae koridoni, mvua inyeshe isinyeshe.

Najua mtaniambia mwenye mali hataki gharama. Atasema fundi mwingine anaifunga bila hilo bomba, tena kwa bei ndogo. Mwacheni amwite huyo mwingine. Mkiwa mmeshaanza na mkagundua hakuna dohani na hatanunua, malizieni maji ya baridi, toeni betri kwenye hita, fungeni koki ya gesi, mwandikieni kwenye risiti kwamba haijaruhusiwa kuwashwa, mbaki na nakala. Nimepoteza kazi kwa namna hiyo na watoto wangu hawakulala njaa. Lakini kabla ya kuondoka mwonyesheni ule udi. Mwenye loji akiona kwa macho yake moshi unarudi ndani ya bafu ambalo hata mkewe anaogea, mara nyingi anatoa pesa ya bomba siku hiyo hiyo.

Na mkiitwa kwenye tukio, mtu haitiki bafuni, msiingie wote kwa kishindo. Fungeni gesi kwenye mtungi kama uko nje, vunjeni dirisha, fungueni mlango, mmoja avute pumzi nje, aingie, amburute atoke. Mkishindwa kumfikia pigeni 114, Zimamoto. Akiwa nje asipohema mpeni msaada wa kupumua, na apelekwe hospitali hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Mlangoni pa hospitali semeni bila kungoja kuulizwa: alikuwa bafuni na hita ya gesi. Ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na sumu hii. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa, na muuguzi asiyeambiwa anaweza kudhani ni malaria au uchovu. Mwombeeni oksijeni ya barakoa mara moja. Kwa hewa ya kawaida sumu inapungua nusu baada ya saa nne au tano. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja hadi moja na nusu. Na akiwa ni mama mjamzito, hata akisema kichwa kimeacha kuuma, asirudishwe nyumbani kabla daktari hajamwona, kwa sababu mtoto aliye tumboni hubaki na sumu hiyo muda mrefu kuliko mama yake.